Swali la Daktari Lisafiri Kabla ya Mgonjwa

Tiba mtandao inapotajwa siku hizi, iwe kwenye hotuba au kwenye taarifa ya habari, picha inayoonyeshwa ni ile ile: mgonjwa ameketi mbele ya skrini mkoani, na upande wa pili daktari bingwa wa Dar es Salaam anamsikiliza. Wanaoipenda wanasema umbali sasa umekwisha. Wanaoikataa wanasema ugonjwa hautibiwi kwa runinga. Mimi naona pande zote mbili zinabishania sehemu isiyo na uzito mkubwa. Kwa magonjwa ya njia ya mkojo, na hasa kwetu Nyanda za Juu Kusini, faida kubwa iko kwenye jambo ambalo kamera haiwezi kulionyesha vizuri: daktari au tabibu wa wilaya anaandika swali lililokamilika, anaambatanisha vipimo, bingwa aliye Mbeya analijibu kwa maandishi ndani ya siku chache, na jibu hilo ndilo linaloamua nani asafiri, asafiri lini, na afike akiwa na nini mkononi. Mgonjwa si lazima awepo kwenye mazungumzo hayo. Tukilielewa hilo, tutajenga kitu tofauti kabisa na vyumba vya video.

Hali yetu inajulikana. Mikoa saba inayoitegemea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, yaani Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma, ina watu zaidi ya milioni 10 kwa Sensa ya 2022. Mabingwa wa njia ya mkojo ni wachache nchi nzima, na wengi wao wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Katikati ya hapo kuna barabara. Mtu wa Ludewa akipewa rufaa ya kwenda Mbeya hupanda gari hadi Njombe, akaenda Makambako, ndipo akashika barabara kuu kupitia Igawa. Wa Mpanda hupita Sumbawanga na Tunduma. Anayeambiwa aendelee hadi Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ana zaidi ya kilomita 800 nyingine kutoka Mbeya, mlima Kitonga ukiwa njiani. Na mgonjwa wa mkojo si msafiri kama wengine. Wengi ni wazee wa kiume wanaotaka kujisaidia kila baada ya nusu saa ndani ya basi lisilosimama ovyo, kwa hiyo huacha kunywa maji tangu jioni ya kuamkia safari. Wengine wamewekewa mpira wa kutolea mkojo, na mfuko wa mkojo wameufunga pajani chini ya koti refu, wakiomba usije ukavuja mbele za watu.

Baba mdogo wangu alisafiri hivyo kutoka Ludewa. Mkojo ulikuwa umeziba ghafla, akawekewa mpira katika hospitali ya karibu, na siku chache baadaye akapimwa PSA, kipimo cha damu kinachotumika kuchunguza tezi dume. Namba ikatoka juu. Barua ya rufaa aliyopewa ilikuwa na mstari mmoja: tezi dume, PSA iko juu, aonwe na bingwa. Familia ikauza viazi vilivyokuwa vimetengwa kwa mbegu. Alipofika, bingwa alimpima, akasoma ile barua, akamweleza kwa upole kwamba PSA hupanda mkojo ukiziba, hupanda mpira ukiwekwa, na hupanda zaidi kukiwa na maambukizi, hivyo namba ile haikuweza kusema lolote kuhusu saratani. Akaandikiwa dawa ya maambukizi na dawa ya kulegeza shingo ya kibofu, akaambiwa mpira ujaribiwe kutolewa, na PSA irudiwe baada ya wiki sita hivi. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Lakini ulikuwa wa sentensi tatu, na kila kilichomo ndani yake kingeweza kufanyika Ludewa. Wiki sita zilipotimia, nauli ya kurudi haikuwepo.

Nimelisimulia hilo kwa sababu linaonyesha kosa liko wapi. Daktari wa wilaya hakuwa mzembe. Alifanya alichojua: aliona namba kubwa, akaogopa saratani, na hofu hiyo ina msingi, kwani saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume nchini. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza. Mfumo wa rufaa tulionao unamsafirisha mgonjwa ili swali la daktari lipate jibu, wakati swali lenyewe lingeweza kwenda peke yake.

Swali hilo lazima liwe na umbo. Kwa mzee mwenye shida ya tezi dume, bingwa anahitaji umri, muda wa dalili, na alama za yale maswali saba ya dalili za mkojo yanayotumika kimataifa, ambayo jumla yake huanzia 0 hadi 35: chini ya 8 ni dalili nyepesi, kuanzia 20 ni nzito. Anahitaji kujua dawa nyingine anazomeza, maana baadhi ya vidonge vya presha huongeza mkojo na vingi vya mafua hubana shingo ya kibofu. Anahitaji matokeo ya kupima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa: tezi ni laini au ngumu, ina vinundu au haina. Kisha kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kipimo cha mkojo, na ultrasaundi. Hapo kwenye ultrasaundi ndipo tunapopoteza mengi. Ripoti nyingi husema tezi imekua, basi, hazitaji ukubwa wake kwa mililita. Nyingine hazitaji mkojo uliobaki kwenye kibofu baada ya mgonjwa kujisaidia, kwa sababu hakuna aliyemwambia aende chooni kisha arudi kitandani kupimwa mara ya pili. Dakika kumi hizo zikirukwa wilayani, Mbeya wanaanza upya, na mgonjwa analipia kipimo kile kile mara mbili. Fomu ya swali ikikataa kutumwa mpaka namba hizo zijazwe, fomu peke yake itakuwa imeshamfundisha mtu kupima vizuri.

Kuna wagonjwa ambao jibu la bingwa litawabakiza nyumbani. Mwenye dalili za wastani, figo nzima na mkojo kidogo unaobaki, anaweza kuanzishiwa tamsulosini, ile dawa ya kulegeza shingo ya kibofu, na kuangaliwa hapo hapo. Aliyeziba mara ya kwanza anaweza kupewa dawa hiyo kwa siku chache, mpira ukatolewa asubuhi hospitalini, akanywa maji, akasubiriwa hadi mchana; wanaume wengi hukojoa tena wenyewe, na asiyeweza hurudishiwa mpira jioni ile ile bila madhara. Daktari yeyote wa wilaya anaiweza kazi hiyo akiwa na maelekezo na namba ya kupiga jambo likienda kombo. Mzee anayetumia finasteraidi, dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi, naye huhitaji jicho la bingwa kwenye karatasi tu, kwa kuwa dawa hiyo hushusha PSA kwa karibu nusu baada ya miezi kadhaa, na namba inayoonekana salama inaweza isiwe salama.

Wapo pia ambao jibu la maandishi litawaharakisha, na hili wachambuzi wengi hawalitaji. Mtoto wa kiume ambaye korodani moja haijashuka mara nyingi mama yake huambiwa asubiri hadi aanze shule. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ikiwa haijashuka akifika miezi sita aonwe na bingwa, na upasuaji ufanyike kabla hajavuka mwaka mmoja na nusu. Bingwa akiulizwa kwa maandishi atajibu kwa mstari mmoja: mlete sasa, msihangaike na ultrasaundi. Mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu ni mwingine. Ukimwandikia bingwa, atataka kujua kama mgonjwa anavuta sigara, na kama alikulia kando ya maji yenye kichocho, maana kichocho cha muda mrefu huweza kuzaa saratani ya kibofu. Lakini hata majibu yawe vipi, mtu huyo lazima aingiziwe kamera kwenye kibofu. Barua haiwezi kuona ndani ya kibofu. Kinachowezekana ni yeye kufika akiwa na hemoglobini, kreatinini na ultrasaundi, akiwa na tarehe ya kipimo, na safari ikawa moja badala ya tatu.

Kisha kuna mahali ambapo maandishi yanapaswa kupigwa marufuku kabisa. Kijana anayeamka usiku na maumivu makali ya ghafla ya korodani ana takriban saa sita kabla haijaanza kufa kwa kukosa damu. Huyo hupelekwa chumba cha upasuaji kilicho karibu, na akiulizwa mtu, aulizwe kwa simu wakati mgonjwa anaandaliwa. Figo iliyoziba ikiwa na homa, ngozi ya sehemu za siri inayooza, mgonjwa wa tezi dume ambaye miguu imeanza kulegea: hao hawasubiri jibu la siku tatu. Mfumo usioandika mipaka hiyo kwenye ukurasa wake wa kwanza utaua watu, na utastahili kufungwa.

Wazo hili halikuanzia kwetu, wala si jipya. Hospitali ya umma ya San Francisco ilianza kupokea rufaa za mtandaoni zilizopitiwa na bingwa mwaka 2005. Ottawa, Kanada, ilifuata mwaka 2010 na utaratibu ambao daktari wa familia huandika swali na bingwa hulipwa kwa muda alioutumia kujibu. Kaunti ya Los Angeles iliingia mwaka 2012. Uzoefu wa huko ni kwamba sehemu kubwa ya maswali huisha bila mgonjwa kuonwa ana kwa ana, na baadhi humfanya daktari ampeleke mgonjwa ambaye hakuwa amefikiria kumpeleka. Ila tusiyachukue mambo hayo mazima mazima. Kule walikuwa wanapambana na foleni ya miezi kwa mgonjwa anayeishi mtaa wa pili, na daktari anayeuliza ana maabara na mashine za picha karibu naye. Sisi tunapambana na nauli na barabara, na daktari wa Ileje anayeuliza huenda hana dawa utakayomtajia. Jibu linaloanza na agizo la kipimo kisichopatikana mkoani ni jibu lisilo na kazi.

Sasa tuzipime hoja za wanaopinga. Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba tezi dume hupimwa kwa kidole, na kidole hakipiti kwenye intaneti. Ni kweli hakipiti. Lakini kidole kipo wilayani. Tabibu na daktari wote walifundishwa kipimo hicho, na hakihitaji umeme. Kisichofanyika ni kukifanya, mara nyingine kwa aibu ya mzee, mara nyingine kwa haraka ya mpimaji ambaye anajua mgonjwa atapimwa mbele ya safari. Hoja ya mtandao hafifu ni ndugu yake. Video inahitaji mtandao imara. Maandishi na picha mbili za ultrasaundi huweza kusubiri kwenye simu hadi mnara ushike, yakaenda saa nane za usiku bila mtu kuamka. Anayetumia udhaifu wa mtandao wa Makete au Chunya kukataa barua za kitabibu anakataa kitu ambacho watu wa huko hukifanya kila siku wanapotuma pesa kwa simu.

Hoja nzito zaidi ni ile ya madaktari wenyewe: mbona tunafanya tayari? Wanatumia WhatsApp. Daktari wa wilaya hupiga picha ya ripoti, akamtumia aliyesoma naye ambaye sasa ni bingwa, akajibiwa usiku. Nawaheshimu sana wanaofanya hivyo, kwa sababu wameokoa watu kwa muda wao wa kupumzika bila kulipwa. Lakini njia hiyo inategemea umesoma na nani. Daktari aliyehitimu chuo kimoja na bingwa anajibiwa. Tabibu wa kituo cha afya ambaye hana namba ya mtu hana pa kuuliza, na mgonjwa wake anabaki na bahati hiyo hiyo. Jibu nalo haliingii kwenye faili la mgonjwa. Daktari akihamishwa, ushauri unaondoka na simu yake. Na picha za sehemu za siri za watu zinakaa kwenye simu binafsi pamoja na picha za harusi, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Utaratibu rasmi utakuwa mzito kidogo kuliko WhatsApp, sikatai. Uzito huo ndio gharama ya mgonjwa asiye na mtu.

Hoja ninayoiogopa kweli ni nyingine. Watu wanahofu kwamba hii ni tiba ya maskini: wa mjini ataonwa na bingwa, wa kijijini ataandikiwa. Hofu hiyo haina tiba ya maneno. Inaweza kutokea hivyo hasa, ikiwa jibu la mtandaoni litageuzwa kuwa ukuta, bingwa akawa na mamlaka ya kukataa mgonjwa kwa kusoma mistari mitano. Njia ya kuizuia ni kanuni mbili. Ya kwanza, daktari aliye na mgonjwa abaki na haki ya mwisho ya kumpeleka, hata bingwa akishauri vingine. Ya pili, mgonjwa aelezwe kwamba kesi yake imeulizwa Mbeya, asomewe jibu, na liandikwe kwenye daftari lake. Mzee akisikia jina la hospitali ya kanda na maneno yaliyoandikwa kwa ajili yake, anajua hakupuuzwa. Akiambiwa tu aendelee na dawa, atauza ng'ombe aende mwenyewe, na atakuwa na haki.

Inabaki kazi na malipo, na hapo ndipo mipango mizuri hufia. Bingwa wa Mbeya ana kliniki, wodi na orodha ya upasuaji. Ukimwongezea maswali ya mikoa saba bila kumpunguzia kitu, atajibu kwa bidii mwezi wa kwanza, kwa kuchelewa mwezi wa tatu, kisha ataacha, na hakuna wa kumlaumu. Jibu la kitabibu ni kazi ya kitabibu. Lina muda wake, lina dhima yake, na lazima liwe na saa zake kwenye ratiba ya wiki na malipo yake kwenye bima. Marekani, bima ya umma ya wazee ilianza mwaka 2019 kulipa ushauri wa maandishi kati ya daktari na daktari, mgonjwa akiwa hayupo. Kwetu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ndiyo nafasi ya kuliweka jambo hili kwenye kitita, na ni nafuu ukilinganisha na kinachotumika mgonjwa akipelekwa Mbeya kuambiwa arudie kipimo. Bila hilo, vyumba vitazinduliwa, utepe utakatwa, na skrini zitafunikwa vitambaa.

Na anayejibu awe nani? Wengi hufikiria Dar es Salaam moja kwa moja. Mimi nasema maswali yaanzie Mbeya, na yale tu yanayoishinda Mbeya yaendelee. Bingwa wa kanda anajua kuwa hospitali fulani ina ultrasaundi lakini mpimaji hayupo mwisho wa juma; anajua kwenye hospitali za Ikonda na Ilembula wagonjwa hufuata nini; anajua kuwa masika ikichanganya kuna barabara hazipitiki. Zaidi ya yote, yeye ndiye atakayempokea mgonjwa huyo huyo mambo yakiharibika, kwa hiyo atajibu kwa uangalifu wa mtu atakayeonana na matokeo ya ushauri wake. Bingwa wa mbali, hata awe hodari namna gani, huandika kisha humaliza.

Maswali hayo yakikusanywa mwaka mzima yatatoa kitu ambacho barua za rufaa hazijawahi kutupa. Tutajua ni wilaya ipi inauliza sana kuhusu njia ya mkojo iliyosinyaa, na huenda chanzo ni namna mpira unavyowekwa pale. Tutajua wapi mawe ya figo ni mengi, wapi watoto wanacheleweshwa. Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zilizoanza kuzunguka halmashauri mwaka 2024 zingepanga vifaa na watu kwa kufuata orodha hiyo: wagonjwa wangekuwa wamechujwa, vipimo vipo mezani, na kambi ikiondoka daktari wa wilaya angebaki na mahali pa kuuliza kuhusu kidonda kinachotoa majimaji siku ya kumi.

Kwa hiyo halmashauri za Ludewa, Ileje, Makete na nyinginezo zinapoandaa bajeti ya afya ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, zisianze na skrini. Zianze na mafunzo ya kupima mkojo unaobaki kwa ultrasaundi, vitendanishi vya kreatinini visivyokatika, tamsulosini kwenye duka la dawa la hospitali, simu moja ya kazi inayokaa kwa daktari wa zamu, na makubaliano ya maandishi na Mbeya yanayotaja siku za kujibu na jina la cheo cha anayejibu.